Hodi ya Tatu

Rukia binti wa Bi Zuhura tulimzika Alhamisi baada ya sala ya alasiri. Siku ya hitima pale msikitini, nikiwa nimekaa kwenye jamvi mbele ya sahani ya pilau niliyokuwa nikiichezea tu, mwanawe Fuadi alinijia, akachutama ubavuni kwangu na kunitia ufunguo mkononi. "Ami," alisema, "nyumba tumekubaliana kuiuza. Wewe uliishi mle kabla sisi hatujazaliwa. Ukitaka kuitazama mara ya mwisho, nenda. Hamna mtu, na vyombo vyote tushavitoa." Nikamshukuru, nikanawa mikono, nikashika njia ya Kibokoni, Mombasa ya kale, polepole, kwa maana magoti yangu siku hizi yananidai kila jiwe ninalolikanyaga. Nilipofika sikufungua mlango. Nilikaa kwanza kwenye baraza ya nyumba inayoelekeana nayo, ufunguo umo kiganjani, nikaitazama nyumba iliyonifanya rubani. Watu wakisikia hivyo hucheka. Hudhani urubani hufundishwa katika vyuo vyenye ubao na mitambo, na ni kweli, lakini mimi nilifundishwa kwenye ngazi ya mawe, na waalimu wangu walikuwa wanawake wawili ambao katika maisha yao hawakuwa wamepanda kitu kirefu kuliko dari ya nyumba yao.

Mambo ya ukoo wangu na nilikozaliwa nitayaacha. Anijuaye anayajua, na asiyenijua hayatamfaa kitu. Nianze pale nilipokuwa kijana wa miaka ishirini na minne, mwaka wa pili wa uhuru, mpangaji katika chumba cha juu cha Bi Zuhura, na kazi yangu ni kunyunyizia dawa mashamba ya pamba kwa ndege. Kazi hiyo sikuianzia angani. Niliianzia chini, nikiwa mshika bendera: unasimama ukingoni mwa shamba na kitambaa cheupe kwenye fimbo ili rubani auone mstari wake, naye anakujia juu ya utosi, anakumwagia dawa pamoja na viwavi, kisha unasogea hatua chache na kumngoja arudi. Mwenye ndege alikuwa Mgiriki mmoja tuliyemwita Bwana Petro, mtu wa kofia ya ukindu na matusi mengi yasiyo na uchungu. Rubani wake alipofunga virago kurudi kwao Ulaya, Bwana Petro alinitazama pale nilipokuwa nimelowa dawa mpaka kwenye kope, akasema, "Wewe dawa huiogopi. Panda." Ndiyo yote. Alinifundisha mwenyewe, akanilipia mtihani wa leseni, nikaanguka, akanilipia tena huku akinitukana, nikapita. Tangu hapo nikawa naruka peke yangu, kiti kimoja, bila redio, magurudumu yamegandishwa pale pale hayakunjwi wala hayakunjuliwi, alfajiri kabla upepo haujaamka, na vilele vya pamba vikinipiga chini ya mabawa. Nilikuwa hodari, niseme tu. Sina haja ya kujinyenyekeza kwa uongo katika umri huu.

Nilikuwa pia nanuka. Dawa ile iliingia kwenye ngozi, haikutoka kwa sabuni ya mche wala kwa ndimu, na Bi Zuhura alikuwa amenipa amri kwamba nguo zangu za kazi zilale uani, ndani ya debe lenye kifuniko. Alikuwa mjane, mnene, mwepesi wa miguu, mwenye sauti ambayo ingeweza kuusimamisha mkokoteni ulioko barabara ya pili. Nyumba yake ilikuwa nyembamba na ndefu. Chini paliwekwa magunia ya mchele ya mpangaji mwingine, katikati waliishi yeye na binti yake Rukia, na juu kabisa nilikuwa mimi na kitanda cha kamba. Ngazi ilikuwa moja tu, nayo ilipita mlangoni mwa wanawake wale, penye pazia la kitambaa cha maua. Kwa hiyo sheria ilikuwa hii: ukifika kwenye kona ya ngazi unasimama, unapiga hodi, unangoja. Mpaka usikie "Pita", huinui mguu. Iwe unapanda au unashuka, iwe umebeba nini au unakwenda msalani unakufa. Mimi, niliyezoea kukaa peke yangu angani, nilikuwa nikisahau kila siku. Napiga hodi na huku naendelea kupanda, kama vile hodi ni salamu tu, na Bi Zuhura ananizuia na upawa mkononi. "Wewe, hodi yako yaja na miguu," alikuwa akisema. "Nyumba hini ina wenyewe. Huyui kungoja? Piga hodi moja, ngoja. Piga ya pili, ngoja. Piga ya tatu. Usipojibiwa ya tatu, rudi utokako. Hukufukuzwa na mtu, lakini hukukaribishwa."

Mwisho wa msimu ule Bwana Petro alikuja kwenye debe la mafuta nililokuwa nimekalia, akakaa kwenye lingine, akaniambia kwamba macho yake hayaoni tena, kwamba ndege zote mbili ameziuza, na kwamba anakwenda kufa kwenye kijiji cha mama yake, ingawa alichukua miaka mingi kufanya hivyo. Nilihisi kama nimevuliwa nguo sokoni. Leseni nilikuwa nayo, lakini leseni haina mabawa. Gazetini palikuwa na tangazo: shirika la ndege za abiria linatafuta marubani wananchi. Nikaomba, nikiwa najua vizuri kwamba wenzangu watakuwa vijana waliorudi kutoka vyuo vya ng'ambo wakiwa wameruka juu ya mawingu, na mimi nina saa nyingi za kuruka, ndiyo, lakini zote nimezirukia chini ya kimo cha mnazi. Nisipopata kazi ile, nisingerusha tena kitu kizito kuliko tiara ya karatasi.

Katika mji wetu hakuna siri iliyowahi kulala. Chini ya dirisha langu palikuwa na baraza la wanywa kahawa, na alasiri nikijilaza kitandani nilikuwa nasikia kila neno lililopanda pamoja na harufu ya tangawizi. "Mpangaji wa Bi Zuhura ataka kurusha ndege ya abiria." "Yupi? Yule anukao dawa?" "Huyo huyo." Wakanywa kidogo. "Basi abiria wake hawatashuka na kunguni." Wakacheka, nami nikacheka juu peke yangu kwa kuwa lilikuwa neno zuri, ila lilinichoma vilevile. Mmoja wao, fundi wa kushona kanzu, akasema, "Mwaonaje akizoea mno, akafika juu ya Voi akawashushia mvua ya dawa?" Mwingine akawaombea abiria kwa Mungu, na mazungumzo yakahamia kwenye bei ya samaki.

Mahojiano yalikuwa katika ofisi moja ya Kilindini Road, feni inazunguka, na watu watatu nyuma ya meza. Bi Zuhura alikuwa amenifukiza udi tangu asubuhi mpaka macho yakaniwasha, na nadhani nilinuka udi juu ya dawa, jambo ambalo ni baya kuliko dawa peke yake. Mmoja wa wale watatu akaniuliza kimo kikubwa kabisa nilichozoea kuruka. Nikamwambia kweli: mnazi, na kidogo zaidi penye nyaya za simu. Wawili wakacheka mpaka mmoja akavua miwani. Wa tatu hakucheka. Alikuwa Mzungu mrefu, mwenye nywele za majivu na sauti ya chini, ambaye wote walimwita Kapteni tu, na ndiye aliyekuwa akiwapima marubani wapya. Akaniuliza kama sina redio wala mtu wa kunieleza, upepo nilikuwa naujuaje. Nikamwambia kwa moshi wa majiko na kanga zilizoanikwa. Akaandika kitu. "Jumanne," akasema, "uwanja wa ndege, saa moja asubuhi."

Ndege ya Jumanne ilikuwa na injini mbili, viti viwili mbele, na vipini na saa za vioo kila upande, kama duka la Mhindi muuza vyombo. Kapteni alinikalisha kushoto, yeye akakaa kulia. Aliniambia nirushe mimi, yeye ni msaidizi wangu, na mambo fulani ni ya mkono wake, nayo ni mabapa yanayoshushwa nyuma ya mabawa wakati wa kutua, redio na magurudumu. Nikaitikia. Tukaruka. Na niseme wazi, niliruka vizuri siku ile kuliko nilivyowahi. Niligeuza ndege ile nzito juu ya Kibarani kama naugeuza mkeka, nikaishusha chini bila mtikisiko. Lakini kila kilichohitaji kuguswa nilikigusa mimi. Wakati wa magurudumu, mkono wangu ulivuka mbele ya kifua chake, ukashika kipini, ukashusha, hata sikumtazama. Mabapa vivyo hivyo. Sikusema neno tangu kupaa mpaka kutua. Kuongea na nani? Miaka yote ile angani hapakuwa na mtu wa kuongea naye. Tuliposimama, injini zikipoa, Kapteni akasema kwa utulivu, "Unarusha vizuri kuliko nusu ya watu wangu. Lakini leo ulikuwa peke yako. Mimi nilikuwa abiria. Mtu wa namna hiyo siwezi kumkabidhi watu." Nikamwomba nafasi nyingine. Alinitazama sana, akasema nirudi baada ya mwezi, na ya tatu haitakuwapo.

Nilirudi nyumbani nikapanda ngazi bila hodi kabisa. Bi Zuhura alitoka na upawa, akaniona uso, akauteremsha. Siku ile alinilisha wali wa nazi na mchuzi wa papa, akiwa amekaa kwenye kibao chake upande huu wa pazia, nami nimekaa kwenye ngazi na sinia mapajani, nikamweleza yote mpaka mkono uliovuka kifua cha mtu. Alisikiliza huku akichambua mbaazi. "Yaani mzungu yule asema sawasawa na nisemayo mimi," alisema mwishowe. "Waingia kwa watu bila hodi." Nyuma ya pazia Rukia akacheka. Rukia alikuwa akisomea ualimu, na sauti yake niliijua kuliko uso wake. Alikuwa ameshaposwa na binamu yake wa Lamu. Hilo nililijua tangu juma la kwanza, nalitaja mapema ili msomaji asijisumbue kutafuta kisa ambacho hakikuwapo. Rukia akasema kutoka huko ndani, "Mama, si tumfundishe siye?"

Ndivyo kilivyoanza chuo changu. Kila alasiri, baada ya sala, niliketi penye kona ya ngazi, sahani kubwa ya bati magotini ndiyo usukani wangu. Rukia alikaa nyuma ya pazia, naye ndiye rubani msaidizi. Kipini cha magurudumu kilikuwa mwiko wa ugali, ambao yeye aliushika, na ncha yake tu ndiyo iliyoonekana ikichungulia chini ya pazia. Nilimwandikia mambo yote ya safari kwa mpangilio wake, akayageuza kwa Kiswahili cha nyumbani kwao. Mimi nasema, "Magurudumu chini." Nangoja. Mwiko unashuka taratibu, na sauti inajibu, "Tini, yamefunga." Hapo ndipo naruhusiwa kuendelea. Mwanzoni mkono wangu ulikuwa ukitoka wenyewe kuufuata mwiko, na Bi Zuhura, aliyekuwa akikaa kati yetu kulinda heshima na kukaanga kaimati, vile vidonge vitamu vya unga, alinipiga upawa kwenye vidole. "Wa mwenzio huo," alikuwa akisema. "Mkono wako hauna adabu." Nimepata makovu mengi katika kazi hii lakini lile dogo la kidole cha shahada ni la mafuta ya kaimati.

Kilichonishinda zaidi si kusema, ni kungoja. Wakati mwingine Rukia alikuwa hajibu makusudi. Nasema magurudumu chini, kimya. Nasikia nyuma ya pazia anafungua kitabu, anakunywa chai, anamuuliza mama yake kama muuza viazi vya karai ameshapita. Naikaza sahani kana kwamba kweli nashuka na ardhi inanijia. Nasema tena. Kimya. Mara ya kwanza alipofanya hivyo niliropoka, "Rukia, tutakufa!" Akajibu kwa upole wote wa dunia, "Mimi naswali, kaka. Hukuyua?" Bi Zuhura akageuza kaimati zake. "Mtu asipokujibu," alisema, "labda yuaswali, labda yualala, labda ana lake limemshika. Weye huyui. Basi usijitie kuyua. Piga ya tatu, kisha inuka wende zako, uje tena." Nikamwambia ndege si ngazi, haiwezi kusimama. Akasema, "Hairudi yuu?" Nikafikiri. Nikamwambia hurudi juu. "Basi," akasema, akaniwekea kaimati kwenye usukani wangu.

Leo nikiwa mzee ninajiuliza kwa nini mwezi ule umenikaa kuliko miaka yote niliyovuka bahari na majangwa. Nadhani ni kwa kuwa nilikuwa sijawahi kungojwa na mtu wala kumngoja mtu. Nilipenda ile nafasi ndogo baina ya neno langu na neno lake, wakati sijui kama litakuja. Na sauti yake niliipenda. Nilishasema hapakuwa na kisa, na hapakuwa. Lakini nimeshafika mahali ambapo sina wa kumficha: niliipenda.

Mara ya pili tuliruka asubuhi yenye mawingu mepesi. Nilimwambia Kapteni kila nilichotaka, nikangoja kila jibu, naye alijibu kwa sauti ile ile ya chini. Niliuona mji wangu chini ya bawa la kushoto, paa na kanga zake, na upepo nikausoma palepale kwa mazoea. Tukazunguka, nikaielekeza pua kwenye njia ya kutua. Nikasema, "Magurudumu chini." Hakujibu. Nikatupa jicho: ameelekeza uso dirishani, anatazama meli za Kilindini kama mtu aliye matembezini. Ardhi ilikuwa inakuja. Nikasema ya pili. Kimya. Kipini, hata ng'ambo ya kifua chake, kilifikika kirahisi kama hiki kikombe cha chai ninachokitazama sasa, na mkono ukaanza kuwasha, hasa pale penye kovu. Ningeweza kukivuta. Ningeweza pia kujiambia kwamba ameshakishusha, mtu mzima kama yule, sikusikia tu. Nikasema ya tatu, kwa sauti, nikangoja pumzi moja. Hakujibu. Nikasukuma injini zote mbili mbele, nikainua pua, njia ya kutua ikapita chini yetu, tukarudi juu tulikotoka.

Tulipokuwa salama Kapteni aligeuka. "Kwa nini hukukivuta mwenyewe?" Nikamwambia, "Si changu." "Na kwa nini hukutua? Labda nilikuwa nimeshayashusha." "Labda," nikasema. "Sikujibiwa. Kwetu mtu hupiga hodi mara tatu. Asipojibiwa ya tatu haingii, hurudi, kisha huja tena." Aligeukia tena dirisha, na mimi nikajua kazi imeondoka, nimemjibu mzee wa watu mambo ya ngazi za Kibokoni. Kisha akasema, "Zunguka. Uje tena." Nikazunguka. Nikasema magurudumu chini, na mkono wake ukaenda mara moja, na sauti yake ikasema, "Chini, taa zote kijani huku kwangu." Nikatua vibaya kidogo, kwa kuwa macho yalikuwa na maji. Kwenye kantini ya uwanja alinipa chai, akaniambia Jumatatu niende Nairobi nikapimwe sare.

Kutoka uwanja wa ndege mpaka Kibokoni sikumbuki nilipitaje. Nakumbuka mlango, giza la chini lenye harufu ya magunia, na miguu yangu ikipanda mbio, na kwamba penye kona ya ngazi ilisimama yenyewe. Nikapiga hodi huku nikihema. Nikangoja, na sauti ya Rukia ikauliza, "Magurudumu?" Nikasema, "Tini, yamefunga." Bi Zuhura alipiga vigelegele mpaka wanywa kahawa wakatoka kwenye baraza wakidhani Rukia anaozwa siku ile. Aliolewa kweli kabla mwaka kwisha, akaenda Lamu, na mimi nilikula pilau ya harusi yake nikiwa na sare, kwa kuwa Bi Zuhura aliamuru nije nayo. Miaka mingi baadaye alirudi mjane na mwanawe Fuadi, akamuuguza mama yake katika nyumba ile ile mpaka mwisho, na kila nilipofika Mombasa nilikwenda kuwaamkia. Pazia lilikuwa limeshatolewa zamani, tumekuwa wazee, hakuna wa kujisitiri. Hata hivyo nilisimama kwenye kona na kupiga hodi, naye hakuwahi kunijibu "Karibu". Alinijibu "Tini, yamefunga", na ndipo nilipopanda. Vijana niliowafundisha kurusha ndege wananiita Kapteni Hodi mpaka leo, na wengi wao hawajui jina hilo limetoka wapi.

Basi niliinuka kwenye baraza, nikavuka njia, nikafungua mlango. Magunia hayapo. Harufu yake ipo. Nikapanda nikishika ukuta, nikafika kwenye kona, nikasimama. Juu niliona mwanga wa dirisha ukiingia mlangoni ambako pazia lilikuwa, na sakafu tupu. Nikapiga hodi. Nikangoja kama nilivyofundishwa, wala sikuona haya, maana hakukuwa na mtu wa kunicheka. Nikapiga ya pili. Nje muuzaji alipita akinadi kitu, akapotea. Nikapiga ya tatu, nikangoja zaidi kuliko adabu inavyotaka. Kisha nikageuka, nikashuka, nikafunga mlango.

Fuadi alikuwa bado msikitini akikunja majamvi. Nikamrudishia ufunguo.

"Ushaitazama, Ami?"

"Sikuingia," nikamwambia. "Sikujibiwa."